Mshale Hana Kesi

—wameandika! Jamani, wameandika juu kabisa, kwa herufi nene, hata asiyevaa miwani ataona! Hebu nishikieni simu niwasomee. "Mashtaka dhidi ya wanariadha wa chuo yaondolewa." Hiyo hapo! Picha ya mdogo wangu ni ileile ya zamani, ila leo naiona kama inatabasamu.

Haya, ngoja nivute pumzi. Nianze mwanzo, la sivyo nitawachanganya.

Nyumbani tuko watatu. Mama ni fundi wa nguo, na chumba cha mbele ndicho karakana yake. Mimi nimemaliza chuo, nasubiri kazi. Kwa sasa kazi yangu ni kuokota pini sakafuni. Mama ananiita Kiherehere, eti nasema kabla sijafikiri. Halafu yuko mdogo wangu. Uwanjani wanamwita Mshale.

Asubuhi, karakana ya mama ni kama ndoto. Jua linapita kwenye vitambaa vilivyoning'inia dirishani. Sakafu inakuwa bluu, mara njano, mara rangi ya embe bivu. Vumbi la nyuzi linaelea polepole, halina haraka ya kutua. Mshale alizoea kupita katikati ya rangi hizo, viatu mkononi, akienda mazoezini. Pazia la mlango lilikuwa bado linacheza na yeye kashapotea kwenye kona.

Kisha yakaja mashindano ya vyuo. Timu ya wageni ililala bwenini. Usiku simu zao zikaibwa. Mlinzi akasema aliona vijana waliovaa jezi za mbio za kupokezana vijiti. Basi, vijana wote wanne wa mbio hizo wakakamatwa. Chuo kikawasimamisha. Gazeti la mtandaoni likaandika: "Wanariadha wa chuo wakamatwa kwa wizi wa simu." Jina la mdogo wangu lilikuwa la kwanza.

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mwishowe mwendesha mashtaka akasimama, akasema hana ushahidi wa kutosha. Mlinzi aliona jezi, hakuona sura ya mtu. Na jezi zilikuwa zimeanikwa nje, yeyote angeweza kuzivaa. Hakimu akakubali mashtaka yaondolewe. Mama alipiga vigelegele mpaka karani akamwomba akamalizie nje.

Tukadhani yamekwisha. Thubutu!

Kocha wa klabu ya mjini alikuwa amemwahidi Mshale nafasi kwenye timu yake. "Nitakupigia," alisema. Hakupiga. Wiki ikapita, na nyingine. Mshale akaacha kuamka mapema. Alilala mchana kutwa chumba cha nyuma. Nikichungulia, naona miguu yake inacheza chini ya shuka. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Alikuwa anakimbia humohumo usingizini. Mkono mmoja ulinyooka nyuma, kiganja wazi, unasubiri kijiti. Hakuna aliyempa.

Mkono ule ulinitoa machozi, nasema kweli.

Na mama je? Mama alikuwa vitani. Mteja akisimama tu kwenye stuli apimwe, mama anaanza.

"Nyoosha mgongo, mwaya. Umesikia walivyomsingizia mwanangu?"

"Hapana, sijasikia."

"Hujasikia? Kiherehere! Mtumie ile habari ajisomee mwenyewe ule uongo!"

Mteja anasoma. Macho yanamtoka. Mama anaeleza, anaapa, pini zinaanguka. Mteja anaondoka na gauni kwapani na wizi wa simu kichwani. Kwenye simu ndiyo usiseme. Kundi la mafundi, kundi la ukoo, kundi la mtaa, kote mama alituma habari ileile. Chini yake anaongeza: "UONGO MTUPU. KESI IMEFUTWA." Watu wanasoma ya juu, ya chini wanayaruka.

Siku moja nilimsikia mteja akimnong'oneza mwenzake mlangoni: "Lisemwalo lipo. Kesi haifutwi bure, hapo mtu kahonga."

Sasa, tuna jirani mmoja ambaye ni msaidizi wa sheria. Si wakili, lakini amesomea kuwasaidia watu wajue haki zao. Mtaani tunamwita Nusu Wakili. Yeye mwenyewe hucheka: "Nusu ya juu au nusu ya chini?" Alikuja kupunguziwa gauni. Akapanda stuli, mama akamjaza pini kwenye upindo mpaka hawezi kutikisika. Kisha mama akaanza.

"Dada," Nusu Wakili akamkatiza, "hiyo habari umeshanitumia mpaka simu yangu imechoka."

"Nataka watu wajue ukweli!"

"Sawa. Lakini wangapi walikuwa hawaujui uongo mpaka ulipowapelekea wewe?"

Mama akachomeka pini nyingine kwenye upindo.

Hapo pazia likasogea. Mshale alikuwa amesimama, amejifunga shuka, nywele zimelala upande mmoja. Alionekana kama mtu anayetoka mbali sana.

"Mama," alisema taratibu, "jana nilimpigia kocha. Kasema kaniacha kwa sababu ya habari za wizi. Nikamuuliza kazisoma wapi. Kasema hajasoma popote. Kaambiwa na mkewe."

"Mkewe? Huyo mmbea kazitoa wapi?"

"Alikuja hapa kushonewa gauni la bluu."

Pini zikamtoka mama mkononi. Hata vumbi la nyuzi nililiona kama limesimama hewani.

"Yule wa gauni la bluu?" mama akasema kwa sauti ndogo. "Lakini nilimweleza vizuri kabisa!"

"Ndiyo, mama. Ulimweleza vizuri kabisa."

Mama akakaa sakafuni, katikati ya vipande vya kitambaa. Akajifuta uso kwa pindo la kanga yake... kumbe si kanga! Lilikuwa gauni la Nusu Wakili, na pini zake zote.

"Aa! Dada, pini zinanichoma miguu!"

Tukacheka. Hata Mshale alicheka, kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Halafu akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa linamtesa miezi yote.

"Kwani mimi nimesamehewa?"

"Hapana," akajibu Nusu Wakili. "Anayesamehewa ni aliyekosa. Sikiliza, mwanangu. Polisi wakimkamata mtu, maana yake wanamshuku. Akipelekwa mahakamani, anakuwa mshtakiwa. Bado hajawa mwizi. Mwizi ni yule ambaye mahakama imempata na hatia. Wewe ulipatikana na hatia?"

"Hapana."

"Basi hakuna mwenye haki ya kukuita mwizi."

"Kwa hiyo tumeshinda!" mama akaruka.

"Polepole, dada. Mashtaka yameondolewa kwa kukosa ushahidi. Sehemu nyingi sheria inaruhusu kesi irudi, ushahidi mpya ukipatikana. Sitakudanganya. Lakini leo Mshale hana kesi, na hilo ndilo la kusema. Jingine: ukiandika uongo mtupu, unawaita wale wageni waongo. Simu zao ziliibwa kweli. Nao wanasubiri haki."

Mama akainamisha kichwa. "Sasa nifanye nini? Ninyamaze tu, watu wamle mwanangu mzima mzima?"

"Usinyamaze. Sema mahali panapostahili. Kwanza, acha kuitawanya ile habari ya zamani. Kila unapoituma, unaipa miguu. Pili, nendeni mahakamani mkaombe nakala ya uamuzi, yenye muhuri. Tatu, ipelekeni kwa waliotangaza: gazeti na chuo. Waliosema kwa sauti kubwa kwamba amekamatwa, waseme kwa sauti ileile kwamba mashtaka yameondolewa."

"Na kocha?" Mshale akauliza.

"Kocha umpelekee wewe mwenyewe. Usimtume mama."

"Nimesikia," mama akasema.

Nakala tukaipata. Kwenye gazeti tulipokewa na mhariri, mwanamke mwenye kalamu sikioni na nyingine mkononi. Mama alikuwa amebana pini mbili midomoni tangu nyumbani, eti zimsaidie kunyamaza. Nilimzuia mlangoni, nikazitoa.

"Tunaomba ile habari muifute," Mshale alisema.

"Hatufuti," mhariri akajibu. "Tuliandika kwamba mlikamatwa, na siku ile mlikamatwa kweli."

Nikamwangalia mama. Shingo ilikuwa imemvimba. Lakini alisema kwa upole, mpaka nikashangaa: "Sawa, mwanangu. Ya siku ile ni kweli. Na ya leo je? Mtu akisoma ya siku ile peke yake, ameijua kweli au nusu yake?"

Mhariri akasoma nakala, akaangalia muhuri. Akaitoa kalamu sikioni.

"Nipeni muda tuthibitishe na mahakama," akasema. "Ikiwa ndivyo, tutaandika habari mpya, na ile ya zamani tutaiongezea maelezo juu kabisa."

Chuoni walisumbua zaidi. Ofisa mmoja alisema vijana wameshaondolewa kizuizi, kimyakimya, kwenye faili. Mshale akamuuliza, "Mlipotusimamisha mlibandika ubaoni. Mbona kuturudisha mnakuweka kabatini?" Vijana wenzake watatu walikuwa nyuma yake, nao wakaitikia. Ofisa akakuna kichwa. Siku ya pili yake tangazo likabandikwa, pale pale getini, majina yote manne.

Mshale akaenda kwa kocha peke yake. Sikuwepo, na roho iliniuma kweli kukosa! Kwa maneno yake, kocha alisoma nakala mara mbili, kisha akasema: "Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza. Vaa viatu."

Vaa viatu! Maneno mawili tu!

Na leo asubuhi, kabla hata chai haijachemka, habari ya gazeti ikatoka. Nilipiga kelele mpaka majirani wakadhani nyoka kaingia. Mshale alikuwa ameshaondoka kwenda mazoezini. Pazia lilikuwa linacheza peke yake kwenye mwanga wa njano.

Baadaye akaja mteja mpya, hatumjui. Akapanda stuli. Mama akamzungushia futi kiunoni, nami nikajua ile habari inakuja.

"Fundi, una watoto?" mteja akauliza.

"Ninao wawili."

"Wanafanya nini?"

Nilimwona mama anaimeza ile habari nzima. Kisha akatoa pini moja, akaichomeka taratibu kwenye kitambaa.

"Mmoja anasema sana," akajibu. "Mwingine anakimbia."

Basi! Hakuongeza neno. Aligeukia upindo, akaanza kuimba chini chini.

Sasa niacheni, nimechelewa. Mbio zake za kwanza na timu ya kocha ni leo jioni, na mama amefunga karakana, tunaenda wote na Nusu Wakili. Nitashangilia mpaka koo likauke, kwa hiyo msinipigie simu usiku, hamtasikia kitu. Njooni kesho mchana, sauti ikirudi, niwasimulie alivyokimbia.