Kidaka Kilichozibwa

Asubuhi ya tano Mama Anwar alifungua mlango wa nje akaikuta mifupa iko pale pale alipoiacha jana. Kwato la mbuzi, mbavu mbili, na ile shingo aliyoitoa makusudi ikiwa na nyama yake. Hata sisimizi hawakuisogelea.

Mgeni atasema, ala, fisi wasipokuja si heri? Hapa Harar, kwetu Uhabeshi, si heri hata kidogo. Fisi wanaingia kwa matundu ya ukuta wa mji, wanapita vichochoroni wakisafisha, na hawasafishi mifupa peke yake. Majini yaliyolala njiani nayo wanayala. Ndiyo maana mtoto wa Harar akimsikia fisi analia nje, hugeukia upande wa pili akaendelea kulala. Fisi akisusa mlango wako, ujue una jambo ndani.

Fethiya wa nyumba ya pili, mwanamke asiyemung'unya maneno, alikuwa anafagia kwake. "Mama Anwar! Mmepika nini humo hata fisi wamegoma?"

"Labda wameshiba kwako," Mama Anwar akamjibu, akaokota mifupa yake akaingia ndani. Lakini mlango aliukomea.

Mzee Redwan, mumewe, aliyasikia yote kutoka barazani. Nyumba zetu zina baraza za ndani, nyekundu, zimepanda kwa ngazi, na kila mtu ana mahali pake pa kukaa. Aliijua vizuri siku fisi walipoanza kususa. Ni siku ile ile alipoziba kidaka.

Ukuta mkuu wa nyumba kongwe ya Harar una vidaka vingi, yaani mashubaka ya ukutani, vya vyombo, vya vitabu, vya taa. Kimoja kiko chini, kirefu, cha pembe nne, kinamtazama moja kwa moja anayekula. Kimetengenezwa kwa umbo la kaburi, ili mtu akishiba na kuoa na kucheka asijisahau. Mzee Redwan alikula mbele yake miaka sitini na saba na wala hakikumharibia tonge. Alikuwa anawekea miwani yake humo. Kisha daktari wa mjini Dire Dawa akaangalia picha ya ini lake, akavua miwani, akamwambia: miezi mitatu, ikizidi sana minne. Tangu siku hiyo kila akiinua tonge, kile kidaka kilikuwa kinamkodolea macho, na tonge likakataa kushuka. Akakanda udongo, akakiziba, akapaka chokaa juu yake.

"Baba Anwar, wazee wako wamekaa mbele ya hicho kidaka miaka mia mbili," mkewe alimwambia siku ile.

"Na wote wamekufa. Niletee kikombe changu."

Akamletea. Maganda ya buni yaliyochemshwa, bila maziwa, na chumvi kijiko kizima. Mtaani walimcheka kwa chumvi ile, wakasema anakunywa dawa ya kusukutua. Yeye hakujali, kwa kuwa mkewe, Meftuha, alimpimia hivyo tangu wiki ya harusi na hakuwahi kukosea.

Kisha ikaja sauti. Ilimjia mara ya kwanza saa za alasiri, wakati ule mji mzima umekaa na mirungi na maneno yameanza kuwaishia watu. Mzee alikuwa anashona kitabu. Ndiyo kazi yake hiyo, kushona na kujalidi vitabu vya kale vilivyoachana kurasa. Kwanza akasikia harufu, ya gundi ya ngozi iliyooza, akanusa chungu chake akakuta gundi nzima. Kisha ukucha nyuma ya chokaa, kr, kr, kr. Panya, akajisemea. Na kwa kuwa mtu mwenye hofu hupenda kujisikia akizungumza, akasema kwa sauti, "Mimi angalau nina kazi yangu."

"Halafu?" ukuta ukauliza.

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa ya upole, ya mtu aliyekaa karibu na ana nafasi ya kukusikiliza. Ndiyo maana Mzee Redwan akaijibu kabla hajafikiri.

"Halafu watu watavisoma."

"Halafu?"

"Halafu watasema, kitabu hiki alikishona Redwan."

"Halafu?"

Alipoinama kuendelea na kazi, sindano ilikuwa mkononi na uzi umepita tunduni, lakini hakujua tena vinafanya nini. Mikono haikutetemeka wala macho hayakuingia giza. Alijua hii sindano na hiki kitabu, ila kile kilichoviunganisha, miaka arobaini na tano ya maisha yake, kilikuwa kimefutika. Alikaa hivyo mpaka magharibi, akimwambia mkewe kwamba amechoka.

Ijumaa alipiga simu Anwar, mtoto wao wa pekee, yuko Toronto. Kabla ya kuipokea, Mzee alitamka kwa ukaidi, huku anautazama ukuta, "Nina mwanangu."

"Halafu?"

"Halafu naye atapata watoto. Damu yangu itaendelea!"

"Halafu?"

Akapokea simu huku jasho linamtiririka. Mwanamume mmoja alikuwa analia ndani ya simu. "Baba, nimekata tiketi, nakuja, usife kabla sijafika, baba." Mzee Redwan alisikiliza kilio kile kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Alijua jina la anayelia. Alikumbuka kumbeba mgongoni. Lakini pale moyoni alipokuwa akikaa Anwar hapakuwa na kitu, na alipompa mkewe simu aliona aibu kuu, kwani hata huzuni haikumjia.

Hapo akaelewa. Chochote atakachosema kinamfanya aishi, lile lililo ukutani linakiuliza, na akikijibia linakila. Basi alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa jikoni kinapepeta shayiri.

Akafunga mdomo. Hakumwita tena kwa jina. Akimletea chakula, hakumtazama. Jini nalo likabadilika, likaanza kumbembeleza kwa sauti ile ile ya upole, "Na yule anayepepeta? Na yule anayekohoa? Na yule anayekupimia chumvi, ni nani wako?" na Mzee akawa anajibana kona ya baraza na blanketi kichwani, mchana kweupe, jua limejaa uani, meno yameuma ulimi mpaka ukatoa damu, harufu ya gundi iliyooza imemjaa kooni, akimsikia mkewe anasogea na sahani na kujua kwamba akimpokea vizuri, akisema ahsante kama mume anavyosema, akimgusa hata kidole, lile litasikia na litajua, na hivyo akafanya jambo ambalo hakulifanya katika miaka arobaini na minne ya ndoa, akaipiga teke sahani ikamwagika miguuni pa mkewe.

"Nimekukosea nini?" Meftuha akamuuliza kwa sauti ndogo.

Angemwambiaje, bila kusema ni nani kwake?

Kesho yake akajikongoja mpaka kwa Bibi Sitina, mtunza kaburi la walii upande wa mashariki ya mji, akamweleza nje kabisa, mbali na kila ukuta. Bibi akamsikiliza, akasonya.

"Nani kakuambia uzibe kaburi lako? Umeziba, mwenzio kapata chumba."

"Linataka nini, bibi? Mbuzi? Kitambaa? Nitatoa."

"Jini la kutaka kitu tungelipa likaenda zake. Hili halitaki kitu. Linauliza tu."

"Na vilivyoliwa?"

"Havirudi, mwanangu. Tuokoe vilivyobaki."

Akaja na chetezo na tindo. Mama Anwar akaambiwa abaki jikoni atie makaa, asije akadhurika. Bibi akajaza nyumba moshi wa ubani, akasoma, akapiga tindo chokaa ikamwagika. Ukuta ule una unene wa dhiraa moja. Bibi Sitina akaingiza mkono kidakani apime, ukaingia kiwiko, ukaingia bega, na bado hakugusa mwisho. Akauchomoa haraka. Kucha zilikuwa nyeupe pe. Hakusema alichokigusa. Akasoma tena, kwa nguvu, jasho linamtoka, mpaka harufu ile ikakatika na mkono ukagota kwenye udongo.

"Kiacheni wazi," akamnong'oneza Mzee Redwan. "Kitazame kila siku. Na likiuliza tena usilijibu. Ukilijibu unalilisha."

Asubuhi mifupa haikuwepo. Kizingiti kilikuwa kimerambwa. Mama Anwar akapiga kigelegele mpaka Fethiya akatoa kichwa nje akauliza kuna harusi ya nani.

Alasiri ile Mzee Redwan alikaa mahali pake mbele ya kidaka. Kina chake kilikuwa kifupi, cha kawaida, miwani yake imo ndani. Bado alikuwa anakufa, ini halikuwa limebadili nia, lakini tonge lilishuka. Mkewe akaketi kando yake, bado na kidonda moyoni cha ile sahani. Mzee akamshika mkono.

"Nisamehe, Meftuha. Lilikuwa linakula kila ninachokipenda. Nikaona niipige teke sahani yako kabla halijakujua."

Meftuha akamtazama, akacheka, akalia, vyote pamoja. "Mzee mjinga wewe! Ungeniambia. Mimi nilidhani umenichoka, nikataka kufa kabla yako." Akajifuta kwa shela. "Ninaishi kwa sababu ya nani humu ndani, kama si wewe?"

"Halafu?"

Sauti ilikuwa ya upole, karibu sana, na safari hii ilikuwa ya Redwan mwenyewe. Yeye hakuwa amefumbua mdomo. Meftuha, ambaye tangu aolewe hakuacha kumjibu mumewe, akatabasamu.

"Halafu nitakuzika mwenyewe, nikae hapa hapa nikisubiri zamu yangu."

"Usijibu!" Mzee akapiga kelele, akamrukia kumziba mdomo. "Meftuha, si mimi, usi—"

"Halafu?"

Midomo yake ilisogea chini ya kiganja, inatafuta jibu. Kisha ikatulia. Akautoa mkono wa Redwan usoni pake taratibu, kwa adabu, akasogea kando, akavuta shela kufunika nywele.

"Karibu, baba," akasema. "Mlango ulikuwa wazi? Unamtafuta nani?"

Mzee Redwan alitaka kusema jina la mkewe. Alitaka kusema la kwake yeye, na la mtoto, na mwaka wa harusi. Akautazama ukuta, akaona kidaka kimekuwa cheusi na kirefu kwenda ndani, na miwani haionekani tena. Kila atakachomwambia kitasikika humo.

"Mpita njia, mama," akasema. "Nimechoka tu."

"Basi kaa. Unaumwa wewe, macho yamekuwa ya manjano." Akamwonyesha kile kiti cha udongo kilicho kando ya mlango, anapokaa mtu asiye wa nyumba. Mzee akaenda akakaa hapo, nyumbani kwake. Akamsikia anaingia jikoni, anachochea moto, anaimba kidogo puani kama mwanamke asiye na shida yoyote.

Akarudi na kikombe, akampa kwa mikono miwili, akaenda zake kupepeta shayiri.

Mzee Redwan akanywa. Maganda ya buni, bila maziwa. Na chumvi, kijiko kizima. Hakuwa amemuuliza anakunywaje.

Machozi yakamtoka yenyewe. Akainamia kikombe ili ukuta usione.

"Halafu?" ukauliza. "Halafu? Umepata nini humo? Halafu?"

Akabana midomo, akanywa funda dogo jingine, na hakuthubutu hata kuifikiria ile chumvi.