Barua Zangu Zilivyokuwa Kitoweo cha Jumapili

Sikuwa na shule ya mchana.

Sikuwa na cheti cha kutundika ukutani. Sikuwa na kitabu changu mwenyewe mpaka nilipofikisha miaka thelathini na mmoja. Sikuwa na mwandiko. Niliutafuta ukubwani kama mtu anavyotafuta kuni.

Na Jumapili ile mchana, nikiwa pekupeku kwenye baraza ya rafiki yangu, katika nchi isiyo yangu, sikuwa hata na mahali pa kuuficha uso...

Kwa sababu ndani barua yangu ilikuwa inasomwa kwa sauti.

Na watu walikuwa wanacheka mpaka wanapaliwa.

Tulieni niwaeleze.

Naitwa Haji Seman, mtu wa Muar, Malaysia. Ujanani mchana nilipakia mbao, jioni nikaenda shule ya watu wazima. Mwalimu Zabedah ndiye aliyeushika mkono wangu huu wenye sugu akanifundisha kuandika jina langu. Tangu siku hiyo sijaacha kuandika.

Pak Engkos, yaani Bwana Engkos, nilikutana naye Mina, kwenye hija. Yeye ni Mwindonesia wa Bandung, alikuwa mhadhiri wa lugha chuoni, sasa amestaafu. Tulilala godoro kwa godoro, tukagawana maji, tukaagana tunalia. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikimwandikia. Kila barua naiandika mara tatu ndipo naipeleka posta.

Mke wangu, Rogayah, alizoea kunitania.

"Hiyo ni barua au halua? Mbona unaikoroga siku nne?"

"Namwandikia msomi," namjibu.

Basi mwaka huu Pak Engkos na mkewe, Bu Nining, yaani Bibi Nining, wakanialika kwenye nyumba yao ya shamba, juu kwenye milima ya chai, ukishapita Ciwidey. Rogayah magoti yanamsumbua, hakuja. Lakini alinipa mkeka wa mkadi aliousuka kwa miezi mitano, niwapelekee.

Siku tatu za kwanza nilikula raha, siwezi kusema uongo. Baridi tamu. Viazi vitamu vya kuchoma vinavyotoka asali. Bwawa la samaki chini ya dirisha la chumba changu. Bu Nining akinimiminia chai ananiita kaka.

Jumapili wakanipa dereva anipeleke kwenye chemchemi ya maji moto, nikaukande mgongo.

"Kaa huko mpaka alasiri, Haji," Pak Engkos akasema. "Usiharakishe."

Mvua ikaharibu barabara. Tukageuza gari. Saa saba nilikuwa barazani, navua viatu kando ya viatu vya wageni nisiowajua.

Ndipo nikasikia maneno yangu.

"Mheshimiwa rafiki yangu," Pak Engkos alikuwa anasoma, sauti ameibana puani, ananiiga mimi. "Hapa nyumbani nina budak sita, na wote wananiletea furaha."

Kicheko.

"Watumwa sita," mzee mmoja akasema. "Kumbe mpakia mbao ni sultani."

"Tena wana furaha. Nami nipelekeni nikatumikishwe," mama mmoja akadakia.

Lugha yetu na yao, ndugu zangu, zimetoka tumbo moja, ila kila moja imelelewa na shangazi yake. Budak kwetu ni mtoto. Kumbe kwao ni mtumwa. Nilikuwa nawaeleza habari za wajukuu zangu...

"Soma ile ya msiba," Bu Nining akasema.

"Ya mama yako? Nining, una moyo wewe."

"Soma, bwana. Mama mwenyewe angecheka."

Akaisoma. Naikumbuka barua ile. Niliposikia mama yake amefariki nilikaa nayo wiki nzima. Niliandika kwamba nitamkhitimia marehemu Qurani nzima, kwa moyo wangu wote, percuma.

Percuma kwetu ni bure, yaani bila malipo. Hapo barazani ndipo nilipojua kwao ni nini.

"Yaani bure kabisa," yule mzee akasema, anafuta machozi ya kicheko. "Kazi bure. Haitamfaa marehemu kitu. Si bora angelala."

Bu Nining alicheka kuliko wote. Mama yake mzazi.

"Hakuna mpya?" mtu akauliza.

"Subirini, mwenyewe si yuko hapa?" Pak Engkos akasema. "Akifika kwao ataandika ya shukrani. Hiyo itakuwa karamu. Na sheria ya nyumba mnaijua. Bahasha ya Haji haifunguliwi mpaka wageni wakae na sahani zijae. Hata mimi sichungulii. Ikichunguliwa inapoa."

Nikachungulia dirishani. Chakula kilikuwa kimetandazwa juu ya majani ya mgomba, wali, samaki wa bwawani, pilipili ya kusaga. Faili la bluu mapajani mwa rafiki yangu, limenona. Barua za miaka kumi na tisa.

Na wote wamekaa juu ya mkeka wa Rogayah.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Najua wapo wenzangu mngeingia na viatu.

Mimi nilivaa vyangu, nikalizunguka bwawa taratibu, nikarudi nakohoa kama mgonjwa wa kifua.

"Haji. Mbona mapema? Tulikuwa tunakutaja kwa wema."

"Ndiyo maana masikio yalikuwa yananiwasha," nikasema.

Faili likasukumwa chini ya mto. Nikapewa nafasi. Nikala. Samaki alikuwa na miba na kila mwiba niliumeza na jina la mtu.

Walipoondoka wageni, Pak Engkos akaniletea karatasi sita zilizopigwa chapa.

Hapo sasa. Shule yetu ya watu wazima ilikuwa inatimiza miaka hamsini mwezi unaofuata. Mimi ni mwenyekiti wa wanafunzi wa zamani, na mgeni rasmi nilimchagua mwenyewe... rafiki yangu msomi.

"Hotuba yangu hiyo," akasema. "Ipitie. Wewe ndiye mtu wa huko. Kama kuna neno litawakwaza watu, niambie." Akatabasamu. "Ingawa sidhani."

Kichwa cha hotuba: Kina Mama Wanahitaji Elimu.

Nisaidieni namna ya kulisema hili kwa adabu. Wao kuhitaji wanaita butuh. Kwao ni neno safi, hata imamu analisema mimbarini. Kwetu ni tusi la nguoni. Ni kile kiungo cha mwanamume, tena kwa jina lake la vichochoroni.

Sitawatafsiria kichwa cha hotuba. Kirudieni wenyewe polepole.

Nilihesabu. Neno lilikuwemo mara kumi na saba. Ukurasa wa tatu alikuwa amepanga kuwaomba kina mama wa Muar, mbele ya waume zao na wakwe zao, wanyooshe mikono wote wanaohitaji.

Nilisoma mpaka mwisho. Chai yangu ikapoa.

"Vipi, Haji?"

"Usibadilishe hata herufi moja."

Akamgeukia mkewe, akamkonyeza. "Umesikia? Mtaalamu ameidhinisha."

Nikaomba nakala. Akanipa.

Kwenye ndege nilicheka peke yangu mpaka binti aliyekaa pembeni akahama kiti.

Nyumbani nilimweleza Rogayah yote. Alikuwa anakata matango. Nilipofika kwenye mkeka, kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Lakini kuna jambo lilikuwa linanichoma kuliko mkeka. Neno lile sikuliona kwa mara ya kwanza kwenye hotuba. Limo katika kila barua aliyoniandikia. Familia yetu inahitaji hiki, mke wangu anahitaji kile. Barua zake zikija, Rogayah huzikunja kabla wajukuu hawajazisoma. Sikumcheka hata siku moja. Sikumwambia mtu. Nilijiambia, ni lugha ya watu, ina heshima yake.

Mimi nilimsitiri miaka kumi na tisa. Yeye miaka hiyohiyo alikuwa ananivua nguo kila Jumapili.

"Acha aje," nikasema. "Apande jukwaani. Watu mia tatu. Alitamke mara kumi na saba, na huyo mkewe amekaa anapiga makofi."

"Mstari wa mbele anakaa nani?"

Nikachukua kipande cha tango.

"Nakuuliza, Haji. Mstari wa mbele siku hiyo anakaa nani?"

"Mwalimu Zabedah."

"Ana miaka themanini na minane na masikio mazima. Mwanamke aliyekushika mkono. Unataka mtu amsimamie mbele amwambie kama ana hicho kitu anyooshe mkono?"

Nilikuwa nimeitazama aibu ya Engkos mpaka nikasahau ukumbini kuna watu wengine.

"Kwa hiyo nimsamehe?"

"Nani ametaja msamaha?" Akafagia matango kwenye bakuli. "Nasema mwizi hapigwi kwa mtoto wa jirani. Yeye alikutenda Jumapili, kwake, mbele ya wageni wake, kwa barua yako. Si unayo kalamu? Mfuate hukohuko."

Ndugu zangu, mwanamke huyu hakusoma hata shule ya jioni.

Asubuhi nilikwenda maktaba, nikaazima kamusi ya kwao. Nene kama tofali. Siku tisa nimeikalia. Barua niliiandika mara saba, kwa lugha yao, Kiindonesia chao safi cha chuoni, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Makosa niliyaacha kwenye sentensi ya kwanza tu. Ndiyo chambo.

Niliandika hivi:

"Mheshimiwa rafiki yangu. Nyumbani kwenu nilipata seronok kubwa, na mkeo alinikarimu percuma."

Kwetu maana yake nilifurahi, na mkewe alinikarimu bila malipo. Kwao seronok ni mambo ya uchi. Hapo najua watacheka. Najua yule mzee atapaliwa. Nimeacha mstari mtupu ili wamalize.

Kisha:

"Sasa tulieni, wageni wa Pak Engkos, maana najua mpo, na sahani zimejaa. Wewe Engkos usiache kusoma, watu watakuuliza kuna nini. Jumapili ile nilikuwa barazani. Nilisikia habari za watumwa wangu sita. Wa mwisho ana miaka minne na anaitwa Suhana. Nilisikia pia ya msiba. Bu Nining, mama yako nilimkhitimia usiku saba, na sikuifanya kwa maana ya kwenu.

"Pamoja na barua hii narudisha hotuba aliyonipa mwenyeji wenu niisahihishe. Nimesahihisha. Neno alilotaka kulisema mara kumi na saba mbele ya mama zetu, kwetu ni uchi wa mwanamume. Mwombeni awasomee ukurasa wa tatu, kisha mjiwekee maana hiyo. Neno hilo ameniandikia miaka kumi na tisa, na katika nyumba hii hakuna aliyelicheka, wala faili la bluu hatuna.

"Aliponiuliza kama lipo neno baya nilimwambia halipo. Hilo ni kosa langu, na ukiacha sentensi ya kwanza hapo juu, ndilo pekee nililokusudia tangu tujuane. Nalifuta hapa.

"Shuleni kwetu kufaulu ni alama arobaini kwa mia. Pak Engkos amepata ishirini na sita. Mwaliko haujafutwa. Aiandike upya kwa mwandiko wake, anitumie, nimsahihishie tena. Mwalimu Zabedah hapokei kazi chafu.

"Na huo mkeka mlioukalia. Rogayah anasema zawadi ikishatolewa imetolewa, kaeni. Mimi nasema inukeni."

Nikatia saini. Jina lote, kama nilivyofundishwa.

Nakala ya hotuba nilikuwa nimeshaipitia kwa kalamu nyekundu. Duara kumi na saba. Juu, kona ya kulia, ishirini na sita kwa mia, na chini yake: Rudia.

Wengine mtaniambia kisasi si kizuri. Sawa. Mimi ni mzee, nimeshasikia. Ninachowaambia ni hiki: ukitaka kumcheka mtu kwa neno lake, uliza kwanza la kwako kwao lina maana gani. Na ukiona mtu asiye na shule amekaa kimya mbele yako, usidhani hajasoma. Huenda anakusoma wewe.

Gundi iliniishia. Rogayah akanipa punje tatu za wali wa moto. Nikazisaga kwa kidole kwenye mdomo wa bahasha, nikakandamiza mpaka zikashika.

Posta, kijana wa dirishani akaipima mkononi.

"Leo nzito, Haji. Una nini humu?"

"Mtihani."

"Wa mjukuu?"

"Wa mhadhiri."

Akacheka, akaigonga muhuri mara mbili, akaitupa kwenye gunia la Indonesia.