Pilipili na Mlango wa Pili

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, msichana mmoja wa darasa la saba alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kompyuta. Alifuta vumbi kwenye vioo vya kompyuta, akachomeka simu ya chama cha kompyuta, akavuta stuli yake ileile yenye mguu mmoja mfupi. Wenzake walimwita Pilipili, na hawakumwonea. Akikasirika yeye, machozi yanakutoka wewe.

Chama chao kilikuwa kikitengeneza programu ya simu kwa ajili ya maktaba ya shule. Ukiifungua unapata orodha ya vitabu. Kila mstari wa orodha ni kisanduku chenye jina la kitabu na neno "kipo" au "kimeazimwa". Kisanduku hicho mafundi hukiita seli. Pilipili ndiye aliyeandika maagizo ya seli, yaani jinsi inavyozaliwa na kuvishwa kabla ya kujitokeza kwenye kioo. Muhula mzima seli zake hazikusumbua mtu, na siku ya kisa hiki ilibaki siku moja tu mkutubi aanze kuitumia programu hiyo.

Jana yake rafiki yake mkubwa, msichana aliyeitwa Kalamu kwa kuwa mkono wake haukai bila kuchora, aliona seli zile zimepauka kama ukuta wa jela. Akazichora upya kwenye ukurasa wa michoro, akaweka na picha ya jalada la kitabu, kisha akaiagiza programu ianze kuzichukua huko.

Basi siku hiyo Pilipili akabonyeza. Programu ikafunguka, ikafumba, ikafa. Akabonyeza tena, ikafa tena. Kompyuta ikajaa maandishi mekundu. Hakuyasoma. Hasira ina macho, lakini haijui kusoma.

Kalamu alipoingia alimkuta amesimama.

"Umeiua kazi yetu," Pilipili alimwambia. "Ilikuwa hai mpaka ulipoigusa."

"Nimechora tu. Mchoro hauui."

"Kwa hiyo imejinyonga yenyewe?"

Wanachama wengine, waliokwisha kuingia, wakacheka, kicheko cha kuchoma. Kalamu alijitetea kwamba alifuata kila hatua waliyofundishwa, lakini nani amsikilize? Mmoja alisema msanii arudi kwenye makaratasi yake. Pilipili akaona hapohapo ndipo pa kumaliza kazi, akataka kura ipigwe: Kalamu atoke chamani. Mikono ikanyooka. Kalamu aliitazama mikono ile, mmoja mmoja, akamalizia na wa Pilipili. Akachukua mkoba wake akatoka, na mlango hakuufunga.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa kizingitini, amesikia. Mwalimu huyo akikasirika sauti yake haipandi, inashuka, na wanafunzi waliogopa kushuka kwake kuliko ngurumo.

"Kitendawili," alisema.

Hakuna aliyeitikia. Nani ana hamu ya vitendawili huku moyo unachemka?

"Nitatega hivyohivyo. Nyumba yangu ina milango miwili. Mmoja wote wanapita salama. Wa pili, ukiugusa tu, nyumba inaanguka."

Mwalimu akasema kama hawajui basi wampe mji, na mji wenyewe hautaki, anataka jibu. Akawatoa wote nje isipokuwa Pilipili, akamwamuru asome yale maandishi mekundu kwa sauti.

Pilipili akasoma, kwanza kwa kununa. Yalisema programu imesimamishwa ndani ya ukurasa wa seli, katika mstari wenye maneno haya: njia hii ya kuingilia haijatengenezwa.

"Ukurasa wa seli ni wa nani?" mwalimu aliuliza.

Jina la mwandishi lilikuwa juu ya ukurasa. Pilipili alilitazama: lilikuwa lake. Mwalimu hakungoja jibu. Alisema anakwenda kumtafuta Kalamu kabla hajafika mbali, akatoka.

Sasa Pilipili akakumbuka. Siku alipoandika seli, kompyuta ililalamika kwamba seli huzaliwa kwa njia mbili, kwa maandishi au kwa mchoro, na yeye ameandika njia moja tu. Ikamwonyesha kitufe cha kurekebisha. Alikibonyeza bila kusoma, maana alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Kumbe kompyuta ilimwandikia agizo: yeyote akija kwa njia ya mchoro, simamisha programu papo hapo. Muhula mzima hakuna aliyepita njia hiyo. Wa kwanza kuugusa mlango ule alikuwa Kalamu.

Kidole cha Pilipili kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Afute mstari mmoja tu, aandike njia ya pili, na hakuna atakayejua. Programu ingepona, na Kalamu angebaki muuaji. Hasira ilimrudia, ila sasa ilikuwa imegeuza njia na kumwelekea mwenyewe. Akakitoa kidole, akaikalia mikono yake.

Mwalimu alirudi na Kalamu, na wanachama wote nyuma yao. Pilipili akasimama.

"Mlango wa pili ni wangu," alisema. "Nilibonyeza kitufe bila kusoma. Kalamu hajaua kitu. Ile kura nimeidai kwa uongo."

Hakuna aliyecheka. Aliketi mbele ya macho yao, akaufuta mstari wa kusimamisha, akaandika njia ya pili ili seli inayotoka kwenye mchoro ivishwe kama dada yake anayetoka kwenye maandishi. Akabonyeza. Orodha ikafunguka, kila kitabu na jalada lake, nzuri kweli.

Mikono iliyonyooka kumtoa Kalamu ikanyooka kumrudisha. Mwalimu akawaambia, kwa sauti ileile ya chini, "Aliyegusa mwisho siye aliyeharibu. Mashine iliwaeleza kosa liko wapi, ninyi mkamsoma mwenzenu badala ya kuisoma mashine. Msikubali agizo msilolisoma, na msihukumu mtu hasira ikiwa imeshika kiti."

Pilipili akamwomba Kalamu msamaha. Kalamu alisema amesikia, ila bado ana hasira, na kesho pia huenda akawa nayo. Halafu akavuta stuli karibu.

"Kitendawili."

"Tega," Pilipili alijibu haraka.

"Ninacho, sikioni. Wenzangu wote wanakiona."

"Kisogo."

"Hicho ni cha watu wengine," Kalamu alisema, akiichukua simu. "Chako ni kosa. Sogea huko, nirekebishe rangi."

Pilipili akasogea.