Nyumba Isiyosomewa

Asubuhi ile Rumaisa alikuta kikaratasi chenye picha ya mama yake kimelala kifudifudi.

Alikuwa amekisimamisha mwenyewe kwenye jiko la nyumba ndogo aliyoiunda, na kukigandisha kwa gundi. Sasa kilikuwa chumba cha nyuma, sakafuni, uso chini, na pale jikoni hapakuwa na hata alama ya gundi.

"Wafa! Umechezea kazi yangu?"

"Mie?" mdogo wake alijibu kutoka uani, mdomo umejaa povu la dawa ya meno. "Niguse hicho kibanda chako cha maboksi halafu unitangaze Temeke nzima? Mie simo kabisa."

Kibanda chenyewe kilikuwa nyumba ndogo ya kadibodi, pana kama sinia la pilau, yenye paa la kufunua. Rumaisa alikuwa anamalizia shahada ya uzamili ya usanifu majengo. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye ofisi moja ya wasanifu huko Kinondoni, akichora fremu za maduka na kuta za wenye viwanja vya Goba na Kawe, jina lake lisitajwe popote. Chuoni alibuni soko, akabuni zahanati, na kote huko wakamwambia kazi zake ni nadhifu lakini hazina uhai. Basi kazi ya mwisho akaamua aitie uhai. Akabuni nyumba ya familia yake, juu ya kiwanja cha baba yake kule Chanika: ua katikati, vyumba vimeuzunguka, na jiko linalopata upepo.

Wasanifu huweka vijitu vya karatasi ndani ya nyumba hizo ndogo ili anayetazama ajue mlango una kimo gani. Wenzake walikata watu kwenye magazeti. Yeye alichukua picha ya harusi ya binamu yake, akamkata baba, mama, Wafa na yeye mwenyewe, akawapanga kila mtu mahali pake.

Mama yake, Bi Hamdiya, alipowaona alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mwanangu, nyumba haijasomewa hata Yasini, umeshatuhamishia?"

"Mama, si maboksi tu."

"Nyumba ni nyumba. Isiyosomewa haikai tupu. Japo bismillahi ungesema."

Hakusema. Hakukusudia kudharau, alikuwa na haraka tu. Shetani hana haraka, wenye haraka ni sisi.

Asubuhi hiyo hiyo ya kikaratasi, Bi Hamdiya hakuweza kuinuka kitandani. Miguu ilikuwa ipo, inafinywa, haisikii. Hospitali walimpima hiki na kile, wakasema hawaoni kitu, akapumzike nyumbani. Rumaisa hakumwambia mtu. Alikiinua kikaratasi, akakirudisha jikoni, akakitia gundi mpya. Alipotoka kusali alasiri akakikuta kule kule nyuma, kimelala.

Na sebuleni palikuwa na mtu wa tano.

Huyu Rumaisa hakumkata. Alikuwa mrefu kupita milango yote, mweusi, hana uso, na hakuwa wa karatasi. Alipomgusa kwa ncha ya kalamu alikuwa laini na wa moto kidogo, kama sikio la mbuzi. Rumaisa akafunika paa. Akakaa mbele ya meza, jua kali dirishani, watoto wa jirani wanapiga kelele nje, akijiambia ni uchovu, ni kukesha na kazi, mpaka ikamjia harufu ya nywele zilizoungua, ikipanda kutoka kwenye vile vidirisha alivyovitoboa kwa wembe, na ndani ya kadibodi akasikia mtu anakohoa, kikohozi kidogo sana, cha mwenye nyumba aliyeamka usingizini, kisha mlango ukifunguliwa, kisha kitu kikiburutwa sakafuni taratibu kutoka chumba hadi chumba, na kila kilipoburutwa, upande wa pili wa ukuta, mama yake wa kweli akawa anaguna kwa maumivu.

Alikimbilia chumbani. Bi Hamdiya alikuwa amefumba macho, lakini mdomo wake ulikuwa unasema, kwa sauti ya kiume, ya upole, sauti ya mpangaji mstaarabu.

"Nyumba nimeipenda. Ina hewa. Na ahsante kwa kuniwekea watu."

"Mama?"

"Huyu nimemlaza. Ana kelele jikoni."

Rumaisa alijifunika ushungi akaenda kwa Ustadh Abdulsamad, nyuma ya msikiti, akamsimulia yote huku analia. Ustadh hakushangaa, wala hakumbembeleza.

"Ilete sasa hivi. Nitasoma, kisha itachomwa yote pamoja na vijitu vyake, na mama yako atapumzika. Ila sikiliza, binti. Kabla sijasoma mtu asitolewe mle ndani. Anayetolewa kabla, ametolewa duniani."

"Ustadh, kesho mchana naiwasilisha mbele ya jopo. Bila hiyo sina shahada. Nikitoka tu nakuletea mwenyewe."

"Kesho ni yako?"

"Inshallah."

"Usimtie Mungu kwenye hilo," alisema Ustadh. "Umeshaamua mwenyewe."

"Baba asijue tafadhali. Akijua ataichoma leo leo."



Kesho yake Polikarpo, mwanafunzi mwenzake wa kutoka Bukoba, alikuja na bajaji kumsaidia kubeba. Aliinua upande mmoja, akaushusha tena.

"Sista, hii nyumba umeijenga kwa zege? Mbona nzito kama ina watu?"

"Beba, Poli. Usitanie."

"Haya, mama mwenye nyumba."

Mbele ya jopo Rumaisa alieleza vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Walimu wakawa wanaitikia kwa vichwa. Mmoja wao, profesa mzee mwenye kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, akasogea, akafunua paa. Kila mwanafunzi wa fani hiyo anajua hatari ya walimu kusogea. Hawaulizi, wanang'oa. Ukuta wakiona haufai wanauvunja mbele yako, waone kama utautetea, na wenzako wanacheka kwa woga.

"Binti, michoro mizuri. Lakini hawa ndugu wa nini? Unatubembeleza kwa picha za familia?" Akaingiza vidole. "Huyu, kwa mfano, mbona amelala? Msanifu anayelaza watu sakafuni, chumba kimemshinda."

Darasa likacheka.

Rumaisa alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, fupi, *usiguse*, na lingemtoka kama asingemwona mwalimu wa pili akiinamisha kalamu kuandika alama. Akafumba mdomo. Alijiambia labda Ustadh anatia chumvi. Alijiambia ni kikaratasi. Yote hayo aliyasema moyoni katika muda ambao profesa alitumia kumbandua mama yake kwa ukucha, kumkunja, kumfinyanga, na kumtumbukiza kwenye mabaki ya chai.

"Afadhali," alisema profesa, akanyoosha mkono kwa Wafa.

"Usiguse!" Rumaisa alipiga kelele mpaka Polikarpo akainuka kwenye kiti. "Usimguse huyo! Acha!"

Profesa akarudisha mkono, akatabasamu. "Sasa ndiyo unaitetea kazi yako."

Simu ya Rumaisa ilikuwa inaita kwenye mkoba.

Wafa ndiye aliyeyaona ya nyumbani. Mama alikuwa kitandani, akainuka hewani kama kitu kilichonyakuliwa shingoni, akakunjwa, magoti yakapita mabega, mgongo ukalia kama kuni kavu. Waosha maiti walishindwa kumnyoosha. Walimvisha sanda vile vile alivyo. Kabla ya sanda, walipombinya tumbo wakimwosha, yalimtoka maji ya hudhurungi, wakatazamana, kwa sababu yalinukia tangawizi, na marehemu tangu jana yake hakuwa amemeza kitu.

Walipotoka makaburini Ustadh alisoma, na nyumba ya kadibodi ikachomwa nyuma ya msikiti mbele ya Rumaisa na baba yake, Mzee Abdulhadi. Iliwaka haraka. Katikati ya moto ile sauti ya upole ikasema mara moja tu, bila hasira.

"Mie nilimlaza. Kumtoa mmemtoa nyie."

Kisha kukawa kimya, na harufu ikaondoka.

Rumaisa akapiga magoti kwenye majivu. "Baba, nilikuwa najua. Ustadh aliniambia mapema. Ningeileta siku ile ile mama angekuwa hai. Nilitaka shahada."

Mzee Abdulhadi, muuza duka, mtu asiyekosa alfajiri msikitini, aliyakoroga majivu kwa kijiti mpaka moshi wa mwisho ukapotea.

"Na mie nilijua," alisema. "Ustadh alinifuata usiku ule. Nilikuja mlangoni kwako na kopo la mafuta ya taa. Nikakukuta umelala na nguo zako, kichwa mezani karibu na kazi yako. Nikasema mwanangu amehangaika sana, nimpe mpaka kesho. Nikarudi kulala kando ya mama yako. Alikuwa anaguna. Nikajifunika shuka masikioni."

Hakuna aliyeweza kumsamehe mwenzake. Kila mmoja alikuwa anasubiri asamehewe kwanza.

Simu ya Rumaisa ikalia ujumbe. Aliusoma, akausoma tena.

"Nimefaulu, baba. Daraja la juu kabisa."

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Abdulhadi, kwa mazoea, kwa furaha, kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.