Vidole vya Marcelino na Bega la Jailos

Kila asubuhi jua lilipochomoza Kalenga, kitu cha kwanza kung'aa kilikuwa paa la Marcelino. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mto, lakini mabati yalikuwa mapya, na mwanga wake ulifika mpaka uani kwa Jailos. Jailos alikuwa amekaa kwenye kigoda akiota jua. Mwanga ulipompata machoni, aligeuka akatazama ukuta.

"Limeamka tena," alisema.

"Nini?" aliuliza mkewe, Lea. Alikuwa anapepeta mahindi.

"Bati la mwenzio."

"Bati la mwenzangu limekukosea nini, Baba Mika? Limekuja kukuomba chumvi?"

Jailos alizidi kuutazama ukuta. Roho ilikuwa inamuuma, na ilikuwa imemuuma tangu mvua zilipokwisha.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatawala. Jailos na Marcelino walikuwa wapasua mbao katika milima ya Dabaga. Walikuwa wanapasua kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo hulazwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu ya gogo, mwingine huingia shimoni, na msumeno huvutwa juu na chini. Marcelino alikuwa mtu wa juu, Jailos mtu wa chini. Kazi hiyo haifanywi na watu wasioelewana. Ukivuta mapema, unamuumiza mwenzako. Hao wawili walivuta pamoja miaka mingi, mpaka watu wa kambini wakawaita pacha.

Siku moja gogo liliteleza. Liliingia shimoni na kumpiga Jailos bega la kulia. Alilala hospitali muda mrefu. Mfupa uliunga, lakini mkono haukurudi kama zamani. Jailos alipoacha kazi, Marcelino naye akahamishiwa kwenye msumeno wa mashine, na mashine ikamla vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Wote wawili walipelekwa Iringa kwa daktari wa serikali, apime ulemavu wao ili walipwe fidia. Marcelino alilipwa vizuri. Akaezeka nyumba kwa bati na kumnunulia mkewe, Verediana, cherehani. Jailos aliambiwa kwamba ulemavu wake ni mdogo sana. Fidia yake isingetosha hata kununua ndama. Karani wa ofisi ya kazi alimwambia aende nyumbani akafikiri. Kama anakubali, arudi mwisho wa mwezi kutia dole gumba.

Basi Jailos alifikiri. Lakini hakufikiri juu ya bega lake. Alifikiri juu ya vidole vya Marcelino.

"Vidole viwili tu," alikuwa anasema usiku na mchana. "Tena vya kushoto."

Lea akienda kushonewa nguo kwa Verediana, Jailos alinuna. Lea akirudi anacheka, mumewe alitaka kujua ni Marcelino gani huyo anayechekesha wake za watu. Mwishowe alipanda Dabaga siku ya posho, akawaambia wafanyakazi kwamba Marcelino aliviingiza vidole vyake kwenye mashine kwa makusudi, ili apate bati. Wengine walicheka. Wengine walitazama chini. Jailos alirudi nyumbani akijisikia mwepesi, lakini kesho yake bati liling'aa kama kawaida.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Lea alitaka mumewe akubali kile kidogo, mambo yaishe. Njaa haingoji, alisema. Jailos alitaka kukataa, lakini shabaha yake ilikuwa moja tu: kwenda kwa Afisa wa Kazi kumshitaki Marcelino.

Jirani yao alikuwa Bartholomeo, mtu wa makamo, dresa katika hospitali ya misheni. Alikuwa amefunga vidonda vya wafanyakazi wengi, na wengi aliwasindikiza mpaka ofisi ya kazi. Jioni moja alipita kuwajulia hali.

"Kamwene, kaka Jailos."

"Kamwene, kaka. Karibu."

Lea alimletea kigoda na uji wa ulezi. Jailos hakungoja amalize uji. Alimweleza habari yote, ya vidole na ya bati. Bartholomeo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba asimulie jambo jingine. Alitaka kujua siku ile daktari alimfanyia nini.

Jailos alinyoosha mgongo. Hapo alikuwa na la kujivunia.

"Aliniambia ninyanyue mkono. Nikaunyanyua."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka juu. Nyuma yangu walipanga mstari wanaume wengi, na mmoja ni shemeji yake Lea. Ningelia mbele yao?"

"Uliumia?"

"Niliona nyota. Lakini mkalimani aliponiuliza kama naumwa, nikasema kidogo tu. Akaniuliza kama nalima. Nikasema nalima. Mwanamume gani wa hapa atamwambia mgeni kwamba halimi? Halafu daktari akanipa karatasi, nikaipokea kwa mikono miwili na kuinama, kama mtu aliyelelewa."

Lea aliweka ungo chini.

"Ulimwambia unalima?" aliuliza polepole.

Lea alimgeukia mgeni.

"Ndugu Bartholomeo, huyu hajashika jembe tangu alipoumia," Lea alisema. "Shamba lote la bonde nimelima mimi. Nyasi za paa nimepandisha mimi, kazi ya wanaume, na watu wakanicheka. Shati namvalisha mimi, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu hataki mwanawe Mika aone. Usiku akijigeuza upande ule anang'ata blanketi. Na wewe, Baba Mika, ulikwenda Iringa ukamwambia Mzungu kwamba unalima!"

Jailos alitazama mikono yake.

Bartholomeo ndipo alipoeleza, taratibu, bila kumdharau. Vidole vikikatika, alisema, kila mtu anaona kwamba havipo. Bega ni jambo jingine. Kwa nje linaonekana zima. Daktari anajua yale anayoyaona na yale anayoambiwa, basi.

"Uliponyanyua mkono, aliona mkono unaonyanyuka. Uliposema kidogo tu, aliandika kidogo tu. Ulipopokea kwa mikono miwili, sisi tunaona heshima. Yeye aliona mikono miwili inayofanya kazi pamoja. Hakukuonea. Ulimficha ugonjwa."

"Sasa nimeharibu?"

"Hujaharibu, kwa kuwa hujatia dole gumba. Mtu asitie dole mahali asipopaelewa. Nenda kabla ya mwisho wa mwezi, umwambie Afisa wa Kazi kwamba hukubali na unaomba kupimwa upya. Hiyo ni haki yako. Si matusi kwa daktari, wala si kuomba huruma."

"Nitamwambia na ya Marcelino."

"Ukimwambia ya Marcelino, atakusikiliza ya Marcelino. Yule hapimi wivu, kaka. Anapima bega."

Lea alicheka. Hata Jailos, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, mdomo ulimcheza kidogo.

Hata hivyo Bartholomeo hakumpaka asali. Alimweleza habari ya mtu mmoja wa Mbeya, jina lake Alinanuswe, aliyeomba kupimwa upya akaambiwa yale yale. Alipoteza nauli na siku zake za kazi. Kupimwa upya kunaweza kuongeza, kunaweza kuacha vile vile, na pengine kupunguza. Ndiyo maana mtu ajiulize kwanza: je, kuna jambo la kweli ambalo halikusikika? Kama lipo, aende. Kama ni hasira tu, akae nyumbani.

"Lako lipo," alisema. "Mkeo amelisema sasa hivi. Aende naye akaliseme huko. Na tafuta mtu aliyeiona kazi yako kabla ya kuumia na baada ya kuumia. Ulipotoka hospitali ulijaribu tena kupasua mbao?"

"Nilijaribu, siku chache."

"Nani alikuwa juu ya gogo?"

Jailos aliijua habari hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Siku zile alikuwa ameshika tu mpini wa msumeno. Marcelino alikuwa anavuta peke yake, jasho likimtiririka, na hakumwambia msimamizi hata neno moja.

"Marcelino," alisema.

Usiku huo usingizi haukumjia Jailos upesi. Alikuwa amemchafua mtu mmoja tu duniani aliyeweza kusimama kwa ajili yake. Kulipokucha alivuka mto.

Marcelino alikuwa anachonga mpini wa shoka, ameubana kwa mkono wenye vidole vitatu. Alijibu salamu bila kuinua macho. Jailos alieleza shida yake, akamwomba aende naye Iringa kutoa ushahidi. Marcelino aliendelea kuchonga mpaka akamaliza upande mmoja.

"Nasikia nilivikata mwenyewe," alisema.

"Nilisema hivyo."

"Uliniona?"

"Sikukuona. Niliona bati."

Marcelino alimtazama. "Mwenzangu, mimi nilikuvutia msumeno usifukuzwe kazi. Mgongo wangu unauma mpaka leo. Na wewe ukapanda Dabaga kunipaka matope."

Jailos alisema amekosa. Marcelino alimwambia kwamba hapo walikuwa wawili tu. Matope alimpaka mbele ya watu, akayafute mbele ya watu hao hao. Baada ya hapo watazungumza.

Siku ya posho iliyofuata, Jailos alipanda Dabaga. Wafanyakazi wakiwa wamepanga mstari na vikapu vyao, alisimama mbele yao akasema kwamba yale aliyosema juu ya Marcelino yalikuwa uongo, na kwamba wivu ndio uliomsemesha. Mmoja alimwuliza kama bati limempofusha. Watu waliangua kicheko. Jailos alisimama pale mpaka kicheko kikaisha, kisha akashuka.

Wiki hiyo waliondoka watatu kwenda Iringa: Jailos, Lea na Marcelino. Afisa wa Kazi aliwasikiliza. Marcelino alieleza jinsi mtu wa shimoni anavyovuta, na jinsi Jailos alivyokuwa hawezi tena. Lea alieleza habari ya shamba, ya shati na ya usiku. Jailos akapelekwa kupimwa upya.

Nyuma yake palikuwa na wanaume wamepanga mstari kama mwanzo. Daktari alimwambia anyanyue mkono. Mkono ulipanda polepole. Ulipofika usawa wa kifua, maumivu yalimshika. Zamani angeyameza.

"Hapa," alisema Jailos. "Hauendi zaidi. Unauma sana."

Mkalimani akamwuliza kama analima.

Jailos alisikia wanaume nyuma yake wakinyamaza.

"Silimi," alisema kwa sauti. "Mke wangu ndiye anayelima."

Hakuna aliyecheka. Daktari aliuzungusha mkono ule polepole, akaugusa mfupa mahali ulipounga vibaya, akaandika kwa muda mrefu.

Baada ya majuma machache uamuzi mpya ulitoka. Ofisi ilikubali kwamba ulemavu wa Jailos ni mkubwa kuliko ulivyoandikwa kwanza. Fidia iliongezwa mara nyingi. Karani alimsomea kila neno, naye akauliza yale asiyoyaelewa. Ndipo akatia dole gumba. Haikufika ile ya Marcelino, na Jailos aliliona hilo mara moja. Lilimchoma kidogo. Lakini hakulitoa mdomoni.

Walinunua kipande cha msitu wa milanzi, mianzi inayogemwa pombe. Kazi ya kugema inataka kisu kikali na mkono mmoja mzima, na machipukizi yanayokatwa hayapiti kifua cha mtu. Mvua ziliponyesha, Jailos aligema asubuhi na jioni, Lea akauza ulanzi. Kwa mauzo hayo waliajiri kijana wa kusaidia kulima shamba la bonde, na mgongo wa Lea ukapumzika.

Siku moja mtu wa Dabaga aliyepondwa mguu alifika msituni kuomba ushauri. Alikuwa ameitwa kupimwa, na alikuwa amejiandaa kutembea wima mbele ya daktari, asionekane mnyonge.

Jailos alichomeka kisu kwenye mlanzi akamgeukia.

"Chechemea," alimwambia. "Chechemea vile vile unavyochechemea kwako."