Kitufe cha Chini ya Kioo

Kituo cha mabasi kilifurika watu, na msichana mwenye gauni la njano alilolishona mwenyewe alikuwa ameinamia simu, meno yote nje kwa kupata Wi-Fi ya bure.

"Dada, usiandike namba yako ya siri hapo," sauti ikasema nyuma yake. "Hiyo ya bure ina mwenyewe, na mwenyewe ni mwizi."

Aligeuka akakuta kijana mwenye fulana nyeusi na bisibisi mfukoni.

"Na wewe unayechungulia simu za watu, tukuite nani?"

"Fundi simu. Wananiita Chaja."

"Chaja za siku hizi hazidumu, kaka."

"Nijaribu uone."

Alimjaribu. Namba ya siri ya akaunti yake ya mtandaoni alikuwa ameshaiandika, ila aliona haya kusema.

Baada ya miezi miwili Chaja alikuwa amembandika jina la Sindano, kwa ushonaji wake, na anampigia mara kumi kwa siku.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula. Mama anasema sikio langu litaungua."

"Mwambie mama mkwe nakuja Jumapili."

"Mama mkwe tangu lini? Posa iko wapi?"

Mama, mgonjwa wa pumu, alicheka hadi akakohoa. Chaja alimfundisha mpenzi wake kila kitu: aepuke Wi-Fi za bure, simu aifunge, namba ya siri asimpe mtu isipokuwa yeye Chaja. Jambo moja tu hakulisema, kwa kuwa aliliona dogo.

Mchana mmoja, Sindano akimpima mteja kiuno, Chaja alifungua simu ya mpenzi wake akakuta wanaume watatu wameandikiwa "mpenzi" kutoka akaunti yenye jina lake. Bingwa wa kuhubiri habari za wezi hakumfikiria mwizi hata kidogo. Wivu hauna elimu.

"Nani hawa?"

"Siwajui! Haki ya Mungu siwajui!"

"Simu yako, jina lako, na huwajui?" Akabadilisha namba ya siri ya kufungulia simu palepale, akaitupa simu juu ya cherehani. "Wanaume wako watafute kwa miguu."

Kesho yake asubuhi, Mama akabanwa na pumu. Dawa ya kuvuta ilikuwa imeisha. Sindano alijaribu tarehe zote alizozijua: ya kuzaliwa kwa Chaja, ya siku walipokutana. Simu ikamwambia asubiri sekunde thelathini, halafu dakika moja, halafu tano. Akatoka mbio kugonga milango. Majirani wote walikuwa kazini. Aliporudi na dereva wa teksi, Mama alikuwa ametulia kitini, macho wazi.

Wiki tatu baada ya mazishi Chaja alikuja, shati jeupe limenyooka, akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa.

"Nilikosea, laazizi. Akaunti yako iliibwa kituoni siku ile tulipokutana. Nisamehe, nikuoe."

Sindano alilia. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akanyoosha kidole avishwe pete.

"Nimekusamehe. Namba yako ilimuua mama yangu, lakini nimekusamehe. Kila siku nitakusamehe."

Pete ikaishia kwenye ukucha. Chaja aliiona miaka yote ya msamaha huo ikimsubiri, akaogopa. Mtu mwema angenyamaza.

"Si mimi niliyemuua," akasema. "Simu iliyofungwa inapiga dharura. Haitaki namba ya siri wala salio. Kitufe kiko chini ya kioo. Siku ile kilikuwepo."

Sindano aliichukua simu juu ya cherehani, aliyoichaji kila siku ingawa ingali imefungwa. Chini kabisa, kwa maandishi madogo meupe: Simu ya dharura.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

Alibonyeza, akaweka namba ambayo kila mtoto anaijua. Iliita mara moja tu.

"Huduma ya dharura, tukusaidie nini?"

Chaja akatia pete mfukoni, akatoka bila kuaga.

"Haloo? Nani anaumwa hapo?"

"Mama," Sindano akajibu. "Amekosa pumzi." Akaanza kutaja mtaa, na namba ya nyumba.