Povu la Sabuni

Kila asubuhi Chiriku alipiga deki jikoni, kisha bibi yake akamsindikiza hadi lango la shule. Jina la Chiriku alilipata kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Jumamosi moja wenzake walimwita wakaruke kamba, naye akaiacha sakafu na povu la sabuni bila kuisuuza. Kabla hajafika nje, alisikia kishindo.

Sasa bibi alikuwa kitandani katika kitengo cha dharura, ameshika nyonga. Picha ya eksirei ilionyesha hakuna mfupa uliovunjika. Daktari alipouliza ameangukaje, bibi alimtazama mjukuu wake, akajibu kwamba alishikwa na kizunguzungu. Chiriku, ambaye hata usingizini huongea, alitulia kama maji mtungini.

Daktari akasema basi itabidi alazwe, wamchunguze moyo na kichwa. Bibi akafumba macho. Babu alilazwa hapo hapo mwaka uliopita, na hakurudi. Chiriku aliukumbuka mwaka huo.

Ndipo akaja mtaalamu wa tiba ya viungo, mwanamke wa makamo. Kazi yake, aliwaeleza, ni kuangalia kama mgonjwa anaweza kurudi nyumbani salama. Alimsaidia bibi kukaa, kusimama, kisha kupiga hatua tatu. Bibi alichechemea, lakini hakuyumba. Mtaalamu akaziokota ndara za bibi, akapapasa soli. Zilikuwa bado zinateleza.

"Mama, hebu niambie tena ulivyoanguka," alisema.

"Kizunguzungu tu, mwanangu."

Machozi yakamtoka Chiriku. "Bibi, basi. Ni mimi. Niliacha sabuni sakafuni."

Alilia hadi akashikwa na kwikwi. Mtaalamu alimwita daktari, wakampima bibi presha na moyo papo hapo, wakaridhika. Jioni aliruhusiwa, akapewa fremu ya kutembelea. Bibi alitania kwamba uzeeni ameongezewa miguu minne, lakini Chiriku hakuweza kucheka. Mtaalamu alikuwa amesema kwamba safari zao za kwenda shuleni pamoja huenda zisirudi tena.

"Bibi yako alikufichia kosa kwa kukupenda," alimwambia mtoto. "Lakini sisi hutibu tunachoambiwa. Ukweli wako ndio unaomrudisha nyumbani. Siku nyingine uanze nao."

Jumatatu Chiriku aliisuuza sakafu mara mbili, akaikausha kwa kitambaa. Bibi alimsindikiza hadi mlangoni, akasimama na fremu yake.

"Nenda, mjukuu wangu," alisema. "Nitakutazama mpaka pale kwenye kona."